Injini ya Madamu Konsolata Imezunguka

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Nakuandikia nikiwa barazani kwa Mjomba Seif, mwili mzima, tumbo limeshiba pilau, na kucha zangu zina mafuta meusi ambayo sabuni imeshindwa kuyatoa. Goti lako linasemaje? Linakuruhusu kushuka mpaka sokoni, au bado unamtuma Zena? Na Baba, kikohozi kimemwachia, au anakohoa halafu anasema ni vumbi? Nijibu moja moja. Usiseme tu "sote wazima" kama unavyosema kwenye simu.

Kuhusu simu. Jumatatu iliyopita nilipokupigia uliniuliza mbona sauti yangu iko mbali, nami nikasema ni mtandao, nikakata. Mama, haukuwa mtandao. Nilikuwa naogopa, na sikutaka unisikie nikiogopa. Sasa jambo limekwisha, tena limekwisha vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba, kwa hiyo nakuandikia lote tangu mwanzo. Barua hii anaileta dereva wa lori la vipuri anayepitia Tabora kwenda Dar. Mpe chai. Sehemu za vyuma msomee Baba polepole. Yeye aliyemaliza umri wake kwenye karakana ya reli atazielewa kunizidi.

Kazi yangu unaijua. Gari likifika garajini, mimi ndiye ninayelipokea kwa karatasi, ambayo hapa huitwa fishi: jina la mwenye gari, rangi, namba, kasoro, vitu vilivyoachwa ndani. Kisha napiga muhuri. Huku muhuri ni kitu kikubwa. Karatasi isiyo na muhuri hufungiwa karanga. Yenye muhuri huwekwa kabatini pamoja na hati ya nyumba. Na garajini kwetu kuna sheria moja isiyoandikwa popote. Mstari wa "siku ya kukabidhi" karani haugusi. Anauacha wazi mpaka fundi aliyelishika gari aje mwenyewe aitaje siku, kwa sababu fundi ndiye anayejua chuma kinataka nini. Niliambiwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini, nikaitikia.

Mwanzoni mwa mwezi huu lilishushwa gari kutoka Kiriri, kule mlimani kwenye majumba ya wakubwa. Lilikuja limebebwa juu ya lori, maana magurudumu hayakukubali kuzunguka. Ni gari la Kifaransa la zamani, rangi ya maziwa, pua ndefu, taa za duara kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mwenyewe ni mjane, Madamu Konsolata, mwalimu mkuu mstaafu. Mume wake alipofariki, gari liliingizwa bandani, likafunikwa shuka, na kwa miaka kumi na tisa halikutoka.

Fundi wetu mkubwa ni Mzee Ramazani. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba kama ufagio, na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono ilikuwa nyeupe zamani. Alifungua boneti, akachomeka manivela, kile chuma cha kuwashia gari kwa mkono kutoka mbele, akaegemea. Alikuwa kama anayeegemea ukuta wa msikiti.

"Zimelala," akasema. "Pistoni zote ine zimekamata na kutu. Apana kuzipiga. Tutaziamusha pole."

Wakati huo Madamu alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, mkoba mkononi, ananitazama nikiandika. Mama, unamkumbuka Mwalimu Kazwika alivyokuwa akituchapa kwa kila nafasi tupu kwenye daftari? Huyu mama anatazama vilevile. Nilijaza jina, rangi, namba. Nilipofika kwenye siku ya kukabidhi nikauruka mstari. Akaweka kidole pale.

"Na hapa, mwanangu? Hapa unaniachia shimo?"

Ningeweza kumwambia, "Madamu, hapo ni pa fundi." Maneno matano tu. Badala yake mkono wangu ukaandika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikapiga muhuri haraka, nikamkabidhi karatasi kabla wino haujakauka. Akaikunja mara mbili, akaitia mkobani, akaondoka ameridhika. Nami nikajiambia kwamba mwezi una siku nyingi.

Sasa sehemu ya Baba. Mzee Ramazani alitoa plagi zote nne, akamimina ndani ya kila tundu mchanganyiko wa mafuta ya taa na mafuta ya gia. Mafuta ya taa yenyewe yalitoka Gatumba, mpakani, kwa mama mmoja anayevuka na madumu, kwa sababu mafuta ya aina yoyote hapa mjini yamekuwa ya kutafutwa. Magari yanashinda foleni mpaka wenyewe wanacheza karata juu ya boneti. Kila asubuhi Mzee anaongeza kidogo. Kila siku baada ya swala ya alasiri anashika manivela na kuisukuma mara moja tu, kwa uzito wa mwili wake, hatikisi wala haruki. Ikikataa, anaichomoa, anaifuta, anairudisha kwenye kitambaa. Huku nyuma wanafunzi wake walizilegeza breki, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka gari likaweza angalau kusukumwa.

Mimi alinipa kazi ya macho. "We uko na macho ya shule," akasema. "Utanichungia."

Nilichukua bikari kutoka kwenye ule mkebe wa jometri mlioninunulia nikiwa kidato cha pili (ndiyo, bado ninao), nikakwaruza mstari mwembamba kwenye puli iliyo mbele ya injini, na mwingine kwenye chuma kilichosimama pembeni yake, ukikutana nao sawasawa. Kama injini ingesogea hata kidogo, mistari ingeachana. Kila alasiri napima kwa rula, naandika. Siku kumi na nne mfululizo niliandika sifuri.

Siku ya kumi na tano mistari haikukutana. Nilifuta macho. Nusu milimita. Mama, unanijua. Nilifikiri ni kivuli, nikafikiri nimekwaruza vibaya, nikafikiri wakinicheka nitaweka wapi uso. Niliandika nusu kwa penseli, hafifu, na sikumwambia mtu. Kesho yake ilikuwa milimita nzima. Nayo nikaiandika kwa penseli.

Kisha ikaja ile Jumatatu. Madamu Konsolata aliingia garajini ameshika kadi. Jumamosi hiyo ingekuwa miaka hamsini tangu ndoa yake, na kanisani kwao wangefanya misa ya shukrani. Wao huita yubile. Mume hayupo, lakini gari ni lilelile lililowatoa kanisani siku ya harusi. Alitaka limrudishe pale. Alikwishawaalika watu. Alimwonyesha bosi wetu, Patroni Hamisi, ile fishi yenye muhuri, si kwa ugomvi, bali kama mtu anayeonyesha tiketi.

Patroni alimsindikiza mpaka nje akitabasamu. Aliporudi, tabasamu lilikuwa limebaki barabarani.

"Nani alitoa hii siku?"

Nilikuwa na kalamu mkononi na nikaitazama kama vile ndiyo itakayojibu. Kwa desturi yetu siku hutoka kwa fundi, basi Patroni akamgeukia Mzee Ramazani mbele ya watu wote.

"Muzee, umezeeka mupaka unagawa siku kama sukari ya futari? Moteri haiyatikisika hata kidogo, we unamuahidi mama wa watu misa?"

Mzee Ramazani alinitazama mara moja. Alijua. Hakuna njia ambayo asingejua. Akafuta mikono yake kidole baada ya kidole, akasema, "Siku imeandikwa. Tutaona," akarudi chini ya gari. Hilo tu.

Hapo ndipo nilipotoka nikakupigia simu, na hapo ndipo nilipokata.

Jumanne sikula. Mke wa Mjomba alidhani nina malaria. Sikuogopa kufukuzwa kazi peke yake, ingawa hilo nililiogopa sana. Nilimwogopa yule mzee aliyekuwa akinisalimia kama kawaida, ananimiminia chai kwenye kikombe chake.

Jumatano saa nne Patroni alikuja na lori na mnyororo. Mpango wake: gari litiwe gia ya tatu, lori livute, injini itake isitake izunguke. Mzee Ramazani alisimama mbele ya ile pua ndefu.

"Patroni, ukivuta na kamyo, kitu itavunjika. Pistoni ama mukono yake. Alafu hakuna misa, hakuna moteri. Iko inakuya. Uipe siku."

"Inakuya wapi? Mi sioni ikikuya. Makumi mbili ya siku munaipa mafuta kama mutoto wa kuzaliwa. Toka, muzee."

Dereva akawasha lori. Mmoja wa wanafunzi akainama kufunga mnyororo. Nilitoka ofisini. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa. Nilikuwa nimekumbatia daftari kifuani, na sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba kama ya Zena.

"Siku niliandika mimi, Patroni. Mzee hakuniambia. Hakujua. Madamu aliuliza, nikajaza."

Patroni alinigeukia.

"We?" akasema Patroni. "Siku mbili umemuacha huyu muzee abebe?"

"Ndiyo."

"Na leo umepata kinywa."

"Leo nataka uone mstari kwanza," nikasema, na nikafungua daftari. Nilimwonyesha sifuri zote. Nilimwonyesha nusu, moja, moja na nusu, mbili, mbili na nusu, kwa penseli, hafifu, za aibu. Kisha nikamwomba ainame. Patroni Hamisi ana tumbo. Kuinama kwake ni kazi. Aliinama, akawasha tochi ya simu, akaweka rula yangu mwenyewe. Mistari miwili ilikuwa imeachana milimita mbili na nusu, kama nilivyoandika. Kipofu angeihisi kwa ukucha.

Mzee Ramazani aliinama pia. "Penseli," akaniambia kwa upole uliouma kuliko kofi. "Siku ngapi unanificha hii kwa penseli?"

Patroni alijinyoosha. "Ijumaa," akasema. "Ijumaa saa kumi. Isipozunguka, kamyo inaivuta, na we karani nakufunga pamoja na mnyororo." Akamwambia dereva azime. Kisha akamsogelea Mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili, mbele ya walewale waliosikia Jumatatu, akasema, "Muzee, nilikuambia mubaya." Mzee akajibu, "Ulisema kuhusu sukari. Mi napenda sukari." Watu wakacheka.

Sasa Ijumaa. Hii msomee Baba mara mbili.

Mzee alisema chuma kilichoanza kulegea hakitaki nguvu nyingi, kinataka nguvu laini inayokwenda na kurudi. Lori halijui kurudi, na halisikii chochote mikononi. Watu wanasikia. Basi baada ya swala ya Ijumaa, Mjomba Seif aliwakamata watu mlangoni mwa msikiti, na wakaja vilevile walivyo, kanzu na kofia, kumi na tano au ishirini: wauza vyombo, washonaji, fundi wa redio, na vijana wawili wa pikipiki kutoka Kinama ambao si Waislamu na walikuwa wanapita tu. Gari likatiwa gia ya nne. Plagi ziko nje, boneti iko wazi. Wengine wakashika nyuma, wengine mbele. Mimi nikachuchumaa ubavuni, kichwa ndani ya boneti, macho kwenye mstari.

"Mbele," anasema Mzee, nao wanaegemea. "Acha. Nyuma." Wanaegemea. "Apana kuruka. We Seif, unasukuma mutoka, hausukumi shemeji yako."

"Karani, mustari?"

"Tatu na nusu."

"Mbele. Acha. Nyuma. Karani?"

"Nne. Mzee, nne."

Ikawa kama wimbo. Watoto wa mtaa wakaanza kuitikia namba zangu. Tano. Sita. Tisa. Nilipofika kumi na mbili sauti yangu ilikuwa kubwa na mimi mwenyewe sikujua ilitoka wapi. Kisha waliegemea mbele mara moja zaidi, na ndani ya ile injini kikasikika kitu kama mtu anayeng'oa mguu kwenye tope. Mstari ukaondoka. Ulizunguka, Mama, ukaenda zake chini ya puli, nikaupoteza, na wakati huohuo mafuta yote ya siku ishirini yakaruka kwa matundu manne, meusi na mekundu, yakanipata usoni, yakampata Mjomba Seif kifuani, yakampata na fundi wa redio aliyekuwa amevaa kanzu ya kuazima.

Hakuna aliyekasirika. Mjomba alisimama mikono ameitanua kama mtu anayepimwa nguo, anajitazama, anasema, "Muke wangu nyumbani ataniua," na anacheka mpaka machozi. Vijana wa pikipiki walikuwa wanarukaruka. Mzee Ramazani peke yake ndiye hakucheka. Alichomeka manivela, akaizungusha kwa mkono mmoja, taratibu, raundi nzima, kisha nyingine, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Kisha akanipa mimi.

"Zungusha."

Nilizungusha. Ilikuwa nzito na laini kama jiwe la kusagia la Bibi.

Ikabaki kuiwasha, na petroli hakuna. Kabyureta ilikwishasafishwa, betri tuliazima, mafuta ya injini yalikuwa mapya. Patroni Hamisi alisimama kidogo, akakuna shingo, kisha akaenda kwenye gari lake mwenyewe, lile alilolipigia foleni siku mbili, akatia mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo. Yalimwingia. Alitema, akakohoa, akalaani kwa Kifaransa na kuomba toba kwa Kiarabu, lakini alitoa lita tatu. Mara ya kwanza injini ikapiga chafya. Mara ya pili ikatoa moshi mweupe uliofunika mtaa mzima, akina mama wakakimbilia nguo zao kwenye kamba wakitutukana. Mara ya tatu ikashika. Mama, mlio wake ni mdogo, wa adabu, kama mashine ya kushonea. Tuliinama wote kuusikiliza. Mzee aliuacha kwa muda, akazima, akasema, "Sasa chai."

Jana Jumamosi asubuhi Madamu Konsolata alikuja na teksi, amevaa imvutano, vazi lao la heshima, jeupe lenye ukingo wa dhahabu. Gari lilikuwa limeoshwa. Alipoliona linaunguruma alishika mlango kwanza, hakuingia, akaweka kiganja juu ya boneti inayotetemeka. "Yemwe," akasema polepole, kwa Kirundi, neno la kumwita mtu kwa heshima. Nadhani hakuwa anatuambia sisi.

Nilikuwa nimekusudia kukiri kwake. Nilimwambia kwamba siku ile sikuwa na haki ya kuiandika, kwamba nilijaza kwa sababu niliogopa kidole chake, na kwamba nusura tumvunjie injini kwa ajili ya mwandiko wangu.

Alinisikiliza kama wanavyosikiliza walimu, bila kunisaidia. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile fishi, akaikunjua juu ya meza yangu, akaweka kidole chini kabisa, chini ya muhuri.

"Umejaza hata pasipokuhusu," akasema. "Hapa panakuhusu, pako wazi."

Mstari wa mwisho wa fishi ni "jina la aliyepokea". Mama, nilipiga muhuri haraka siku ile ili nisifike hapo. Mkono uliothubutu kuandika siku ya watu wengine ulikimbia jina la mwenyewe. Nilichukua kalamu, ya wino, nikaandika majina yangu yote matatu. Akayasoma, akapuliza wino ukakauka, akasema, "Bon. Sasa ninajua ni nani nitamushukuru," akaikunja mara mbili, akaingia kiti cha nyuma. Mzee Ramazani ndiye aliyeendesha, amevaa kofia mpya, mwendo wa mtu anayebeba mayai. Tuliwatazama mpaka kona. Gari halikuzima.

Kazini bado nipo. Patroni ameniambia kwamba kuanzia sasa napima kila kitu mwenyewe, na penseli amenipokonya.

Msalimie Baba, mwambie mkebe wa jometri umelipa. Msalimie Bibi na jiwe lake la kusagia. Baba mdogo Mrisho wa mizinga ya nyuki, mwambie asali aliyonipa nusu nimempelekea Mzee Ramazani, anainywea chai. Zena nimemwekea kitenge ndani ya bahasha hii, asimpe mtu. Shangazi Tatu, jirani yetu wa ukutani, mwambie nimekonda kidogo tu, asianze kulia. Mjomba Seif na mke wake wanakusalimu sana; yule mke wake anakuomba dawa ya kutoa mafuta ya injini kwenye kanzu nyeupe, kama ipo.

Ukiniombea dua, omba kama ulivyoomba Jumatatu nilipokukatia simu (najua uliomba), maana ilifika.

Mwanao, kwa wino,

Twaha Masudi Kalunde